Asilimia Tisini ya Nini?

Ofisi nyingi zinazoendesha seva zimekubaliana juu ya kanuni moja ambayo hakuna anayemkumbuka aliyeipitisha. Prosesa isizidi asilimia 80, memori isizidi 90, diski isizidi 85. Kanuni hiyo inabandikwa kwa seva zote, iwe ya Linux, iwe ya Windows, iwe ile FreeBSD iliyobaki kwenye kona ikihudumia barua pepe. Rangi ikiwa ya kijani, watu wanalala. Ikiwa nyekundu, fundi anapigiwa simu usiku. Na fundi akieleza kwamba wekundu ule hauna ubaya wowote, anajibiwa kwa kauli ambayo siku hizi inafunga kila mjadala: namba hazidanganyi.

Naipinga kauli hiyo, na nampinga pacha wake anayejitokeza pale programu mbili zinapotoa namba mbili tofauti kuhusu mashine ileile: moja kati ya hizi ni mbovu, tuitupe tununue nyingine. Kauli zote mbili zimezaliwa na dhana moja, kwamba ndani ya kompyuta kuna kitu kinachoitwa "mzigo" au "matumizi ya memori", kipo pale chenyewe, na kazi ya programu ni kukisoma tu. Hakipo. Kilichopo ni hesabu. Walioandika mfumo endeshi mmoja waliamua kuifanya kwa namna fulani, kwa sababu zao, na walioandika mwingine wakaamua vinginevyo. Jina likabaki moja. Mnunuzi wa viazi anajua kwamba gunia la kawaida na gunia la lumbesa yote huitwa gunia, na halipi kabla ya kuuliza ni lipi. Kwenye seva tunalipa bila kuuliza.

Nianze na memori, kwa sababu ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Chukua mashine ya Linux yenye RAM ya GB 16. Ukiandika free -m unapata mstari huu: jumla 15885, inayotumika 4210, tupu 312, kache 11363, na mwisho kabisa, kwenye safu ya available, 11290. Dashibodi iliyoandikwa kwa haraka inachukua ile 312, inaiondoa kwenye jumla, inatangaza kwamba memori imetumika kwa asilimia 98. Kumbe mashine hiyo imestarehe. Linux haioni faida ya kuacha RAM ikae bure, kwa hiyo kila faili lililosomwa kutoka kwenye diski hubakizwa ndani ya RAM ili likihitajika tena lisisomwe upya. Programu ikiomba nafasi, sehemu kubwa ya kache hiyo huachiwa papo hapo. Namba iliyopaswa kusomwa ni 11290: asilimia 71 ya memori ipo tayari kwa atakayeiomba. Asilimia 98 na asilimia 71 zimetoka kwenye amri moja, kwa sekunde moja, na zote ni sahihi kwa swali lake.

Taasisi moja niliyoihudumia ilikuwa na seva ya kanzidata iliyokaa kwenye wekundu wa namna hii kwa muda mrefu. Kamati ikakaa, bajeti ikapita, RAM ikaongezwa maradufu. Grafu ikashuka kwa siku chache, kila mtu akapumua. Kisha ripoti za mwisho wa mwezi zikaendeshwa, faili zikasomwa, kerneli ikaijaza RAM mpya kwa kache kama ilivyoijaza ya zamani, na wekundu ukarudi palepale. Kilichofuata ni ombi la kuongeza tena. Hakuna hata mtumiaji mmoja aliyekuwa amelalamika kwamba mfumo ni mzito. Fedha ile ingeweza kununua diski za kuhifadhi nakala, ambazo taasisi haikuwa nazo.

Wapo watakaosema hilo ni kosa la wanaoanza, limeshapitwa na wakati. Halijapitwa. Thamani ya MemAvailable, ile ambayo free huionyesha kwenye safu ya available, iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2014, toleo la 3.14. Kabla ya hapo kila mwandishi wa programu za ufuatiliaji alitunga kanuni yake, wengi wakijumlisha nafasi tupu na kache yote, na hiyo nayo ilikosea upande wa pili, maana ndani ya kache zimo kurasa za memori ya pamoja ambazo haziwezi kuachiwa hivihivi. Kanuni hizo za zamani bado zinaishi ndani ya skripti ambazo hakuna anayezifungua. Na hata amri yenyewe ya free imebadilika: zamani "inayotumika" ilikuwa jumla ukitoa nafasi tupu na kache, katika matoleo mapya ya procps, furushi linalobeba amri hiyo, ni jumla ukitoa available. Kwa mashine yetu ya mfano, 4210 inakuwa 4595 siku unaposasisha mfumo, na hakuna programu hata moja iliyoomba kilobaiti ya ziada.

Sasa weka kando yake seva ya Windows. Kinachoitwa Available kwenye Windows kinajumlisha kurasa zilizowekwa akiba, kwa hiyo mashine yenye kache kubwa inaonekana ina nafasi tele pale ambapo dashibodi yetu ya Linux inapiga kengele. FreeBSD yenye ZFS inakupa sura ya tatu: kache ya ZFS huhesabiwa kama memori inayoshikiliwa na kerneli, na hata ZFS ikiendeshwa juu ya Linux kache hiyo haionekani kwenye safu ya kache, inaonekana imetumika. Apple, kwenye Mavericks ya 2013, waliona tatizo hili wakaacha kumsisitizia mtumiaji memori tupu, wakamwekea grafu ya shinikizo la memori. Mifumo minne, maana nne, na sisi tunaziwekea zote mstari mmoja wa asilimia 90.

Wala sisemi kwamba memori ikijaa kwenye Linux basi kila kitu ni salama. Hilo ni kosa la pili, la wale waliosikia habari za kache wakaacha kusikiliza. Fungua top kwenye seva ya PostgreSQL yenye miunganisho 50 na shared_buffers ya GB 4, kisha jumlisha safu ya RES. Unaweza kupata zaidi ya GB 100 kwenye mashine ya GB 16, kwa sababu eneo moja la memori ya pamoja limehesabiwa upya kwa kila mchakato unaoligusa. Anayeogopa jumla hiyo amekosea, na anayeipuuza pamoja na kila namba nyingine amekosea zaidi. Kinachotakiwa ni kujua kila namba inajibu swali gani.

Wastani wa mzigo ndipo malumbano yanapokuwa makali, maana hapa hata mafundi wazoefu wanashikilia imani yao kwa nguvu. Imani yenyewe ni hii: gawanya mzigo kwa idadi ya viini vya prosesa, ukipata zaidi ya 1, prosesa imezidiwa. Namba zile tatu za amri ya uptime zina umri mkubwa. Mfumo wa TENEX ulikuwa tayari unazitoa mwaka 1973, na RFC 546 ya mwaka huo inahusu wastani wa mzigo wa mwezi Julai. Katika Unix nyingi zilizofuata hesabu ilikuwa ya kazi zilizo kwenye prosesa pamoja na zile zinazongoja zamu ya prosesa. Linux ilianza hivyohivyo. Oktoba 1993 Matthias Urlichs akatuma rekebisho lililobadilisha kila kitu. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayeitazama mashine yake kwa makini: ukitoa diski ya swap yenye kasi ukaweka ya polepole, mashine inakuwa nzito lakini wastani wa mzigo unashuka, kwa kuwa kazi zinazongoja diski hazihesabiwi. Akaziingiza kwenye hesabu. Tangu hapo mzigo wa Linux unajumlisha kazi zilizolala usingizi usiokatizwa, zile ambazo ps huziandikia herufi D. FreeBSD na Solaris za leo zina hesabu ya prosesa peke yake. Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa mifumo, alilichimbua rekebisho hilo mwaka 2017, zaidi ya miaka 20 baadaye, na katika miaka yote hiyo watu waliendelea kugawanya kwa idadi ya viini.

Ona linavyoleta hasara. Seva ya faili ya NFS imepotea mtandaoni. Kwenye seva ya wavuti yenye viini vinane, kila mchakato unaogusa folda ile unaganda. Mzigo unapanda hadi 60, na bado top inaonyesha prosesa imekaa bure kwa asilimia 97. Mfuasi wa kanuni ya kugawanya anaandika ripoti kwamba tunahitaji viini vingi zaidi. Mwenzake anayeitazama FreeBSD iliyopatwa na jambo hilohilo anaona mzigo ukikaribia sifuri na kusema seva ni nzima. Wote wawili wamesoma namba sahihi. Hakuna aliyeandika ps -eo state,pid,wchan:32,cmd akatazama mistari inayoanza na D. Angeona safu nzima ya michakato imekwama kwenye majina yanayoanza na rpc au nfs, akajua ndani ya dakika moja kwamba tatizo liko kwenye mashine nyingine kabisa.

Hata ule "wastani wa dakika moja" hauko kama jina linavyodai. Ni wastani unaofifia taratibu, si jumla ya sekunde 60 iliyogawanywa. Mashine iliyokuwa imetulia ukiipa kazi moja isiyopumzika, baada ya dakika nzima itaonyesha takriban 0.63, na kumbukumbu ya kazi hiyo itabaki ndani ya namba muda mrefu baada ya kuisha. Fundi anayesema mzigo bado uko juu ilhali kazi imeshakwisha hajadanganywa na mtu, amesoma mwangwi.

Windows haina kabisa wastani wa mzigo. Lakini dashibodi inataka safu hiyo ijazwe, na programu zinaijaza. Maktaba ya psutil, ambayo wengi wanaitegemea kwenye Python, inautengeneza kwenye Windows kwa kusoma urefu wa foleni ya prosesa kila baada ya sekunde 5 na kuutia kwenye kanuni ya Unix. Foleni hiyo haihesabu kazi ambazo tayari ziko juu ya prosesa. Kwa hiyo Windows yenye viini vinne vinavyofanya kazi kikamilifu bila anayengoja inaweza kukuonyesha mzigo unaokaribia sifuri, na Linux yenye hali hiyohiyo ikakuonyesha 4. Ziweke kwenye grafu moja, rangi mbili, kisha mwambie meneja kwamba Windows inafanya kazi vizuri zaidi. Nimeona ulinganisho wa aina hii ukiwekwa mezani kama ushahidi wa kuchagua jukwaa, na ninauona kuwa ni upotoshaji, hata pale aliyeuleta anapokuwa na nia njema.

Prosesa yenyewe je? Hapo angalau asilimia ni asilimia? Kwenye Windows 8 Microsoft waliingiza kipimo kinachozingatia kasi ya prosesa, si muda wake tu. Prosesa ya GHz 2 inapojiongeza hadi GHz 3 na kuwa na kazi kwa asilimia 60 ya muda, kipimo cha zamani kinasema 60, kipya kinasema 90. Task Manager ikachukua kipya, programu nyingi za ufuatiliaji zikabaki na cha zamani. Matokeo yake ni simu zisizokwisha: "Kwenye mashine naona 100, kwenye dashibodi naona 66, ipi ni ya kweli?" Zote ni za kweli. Kipimo kile kipya kinaweza hata kuvuka 100, ndiyo maana Task Manager hukikata hapo. Na katika masasisho ya Windows 11 ya mwaka 2025 Microsoft wenyewe wakaanza kuirudisha Task Manager kwenye hesabu iliyozoeleka. Tafadhali litafakari hilo, wewe unayesema namba hazidanganyi: mashine ileile, kazi ileile, namba imebadilika kwa sababu mtengenezaji amebadilisha kanuni.

Upande wa Linux, mchakato mmoja kwenye top unaweza kuonyesha asilimia 400 kwa kuwa unatumia viini vinne. Bonyeza Shift na I, inagawanywa kwa idadi ya viini. Na ile safu ya wa, muda wa kungoja diski, ambayo watu huiwekea kengele, kwa hakika ni muda ambao prosesa ilikuwa bure. Mwongozo wa proc unatahadharisha waziwazi kwamba thamani hiyo si ya kutegemewa. Diski ikiwa mbovu na wa ikawa 40, anzisha kazi nzito ya hesabu kwenye mashine hiyo: wa itashuka, kengele itanyamaza, na diski itabaki mbovu vilevile.

Diski zina visa vyake, nitapita haraka. Safu ya %util ya iostat hupima sehemu ya muda ambao diski ilikuwa na angalau ombi moja. Kwa diski ya sahani inayozunguka, 100 ilimaanisha imefika mwisho. Kwa NVMe inayoshughulikia maombi mengi kwa mpigo, 100 inaweza kuwa mwanzo tu wa uwezo wake. Windows nayo ina % Disk Time, ambayo kimsingi ni urefu wa foleni uliozidishwa kwa 100, ndiyo maana thamani yake inaweza kuvuka 100. Mtandao hali kadhalika: kaunta ya SNMP ya biti 32 hujaa baada ya baiti bilioni 4.29, na kwenye mkondo wa gigabiti moja uliojaa hilo hutokea kila baada ya sekunde 34. Ofisi inayoisoma kila dakika 5 inapata grafu tulivu isiyohusiana na chochote kilichopita kwenye waya. Kaunta ya biti 64 ipo tangu miaka ya 1990. Inahitaji mtu wa kuichagua tu.

Kontena zimeongeza utata juu ya utata. Ndani ya kontena iliyowekewa kikomo cha GB 2, amri ya free inasoma memori ya mashine mama, GB 64, na kukuambia nafasi ipo tele dakika chache kabla kerneli haijaua mchakato wako. Java yenyewe ilikuwa ikidanganyika hivyo hadi ilipojifunza kusoma mipaka ya kontena, katika Java 10 mwaka 2018 na kisha Java 8 toleo la 191. Mgao wa prosesa nao hupimwa kwa vipindi ambavyo kwa kawaida ni vya milisekunde 100: kontena inaweza kuwa na wastani wa asilimia 30 kwa dakika na bado ikawa inanyimwa prosesa mara kadhaa katika kila sekunde. Mteja anangoja, grafu inasema pametulia.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba meneja hana muda wa kusoma mwongozo wa proc, anahitaji skrini moja. Nakubali anahitaji skrini moja. Sikubali kwamba skrini hiyo lazima ijazwe kwa asilimia za ndani ya mashine. Meneja anataka kujua kama mwanachama wa SACCO anapata salio lake kwa nusu sekunde au kwa sekunde tisa, na namba hiyo ina maana moja kwenye mfumo endeshi wowote kwa sababu inapimwa kutoka upande wa anayengoja. Hiyo ndiyo ipewe rangi nyekundu. Zile za ndani ni za fundi, za kueleza kwa nini.

Ya pili ni kwamba hata namba ikiwa na kasoro, mwelekeo wake unatosha. Ingekuwa kweli kama kasoro ingebaki ileile. Tumeona free ikibadilisha kanuni, Task Manager ikibadilisha kanuni, kache ikipanda kwa sababu tu seva haijazimwa kwa muda mrefu. Mwelekeo wa memori tupu kwenye Linux ni kushuka tangu dakika mashine inapowaka, na hilo halitabiri chochote.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi: RAM ni rahisi, ongeza tu ili tuwe salama. Kwa nani ni rahisi? Kwenye wingu, ukipanda ngazi moja ndani ya familia ileile ya mashine, kwa kawaida bei inakuwa maradufu, kila mwezi, na ankara inakuja kwa dola ilhali makusanyo ya ofisi ni shilingi. Na usalama wenyewe haupatikani. Anayeongeza RAM kutibu mzigo uliosababishwa na NFS iliyopotea amelipa, na Jumatatu ijayo seva itaganda tena.

Wala si kwamba hakuna kipimo cha kuaminika kuhusu shida ndani ya mashine. Linux 4.20 ya Desemba 2018 ilileta faili tatu chini ya /proc/pressure, kazi iliyoongozwa na Johannes Weiner akiwa Facebook: moja ya prosesa, moja ya memori, moja ya diski. Ukisoma ile ya memori na kukuta some avg60=0.00, maana yake katika dakika iliyopita karibu hakuna kazi iliyokwama kwa kukosa memori, hata kama dashibodi inapiga kelele za 98. Ukikuta 25, robo ya muda kulikuwa na mtu anayengoja, hata kama asilimia zote ni za kijani. Mashine nyingi zilizosasishwa zina faili hizo sasa hivi, zikikaa bila msomaji, huku mikataba ya huduma ikiendelea kusainiwa kwa kifungu kinachosema "matumizi ya memori yasizidi asilimia 90" bila kutaja mfumo endeshi, kaunta, wala mahali inaposomwa. Mzabuni anayesaini kifungu hicho anaweza kukitimiza au kukivunja kwa kuchagua programu ya kupimia. Kamati za zabuni zikatae kukipitisha mpaka kiandikwe upya kwa muda wa kujibu ombi la mtumiaji, na kwa jina kamili la kila kaunta iliyotajwa.